Bahari ya kutungia bahari: utenzi, tarbia, msuko au guni?

Lugha yetu ina mzaha wake. Neno bahari ni maji ya chumvi, na ni aina ya shairi pia. Kwa hiyo anayetaka kutunga juu ya bahari hana budi kwanza achague bahari. Wengi hawachagui. Huchukua ile waliyoizoea tangu shuleni, wakamimina humo mawimbi, tanga na nahodha, kisha wakashangaa kwa nini shairi lina maneno yote ya baharini lakini halilowi.

Mimi mwenyewe nilinaswa hapo. Nilitunga beti kumi na mbili za shwari, ile ya maleleji, kati ya kusi na kaskazi, upepo unapokosekana hata chombo kikakaa mahali pamoja kutwa nzima. Nilitumia utenzi. Nikaenda kumsomea mjomba wangu, aliyekuwa baharia wa majahazi ya mizigo kati ya Tanga na Pemba:

Upepo ukanyamaza,
tanga tukalitandaza,
jua likatuunguza,
mate yakatukauka.

Kila kipande mizani nane, yaani silabi nane, vina za, za, za, kisha ka. Kihesabu hakuna dosari. Mjomba alisikiliza mpaka ubeti wa nne, akaweka kikombe chini. "Mpwa wangu," akasema, "shwari yako mbona ina mbio?"

Nilikasirika kidogo, maana nilitaka anisifu vina. Lakini alikuwa amegusa palepale. Maneno yangu yalisema chombo kimesimama, na mdundo ukasema kinakwenda. Msikilizaji akipewa habari mbili zinazogombana, moja ya maneno na moja ya mdundo, huamini mdundo.

Tangu hapo nimejaribu bahari nne kwa habari moja moja ya baharini, na hapa naziweka bega kwa bega ili nawe upate pa kuanzia.

Wimbi unalo tayari

Kabla ya kulinganisha, kuna jambo ambalo bahari zote zinalo kwa pamoja. Mkazo wa Kiswahili, kwa maneno karibu yote, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sema bahari: sauti inapanda kwenye ha, inashuka kwenye ri. Sema mawimbi, dhoruba, mkondo. Kila moja hupanda, kisha hujimwaga. Na kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, mwisho wa neno haukatiki kwa mlango kufungwa, hubaki wazi kama maji yanayotambaa mchangani.

Mshairi wa Kiswahili, kwa hiyo, hahitaji kutengeneza wimbi. Kazi yake ni kuamua liwe refu kiasi gani, na livunjikie wapi. Hilo ndilo swali lote la kuchagua bahari.

Sauti za konsonanti nazo zina tabia zake. Vikwamizo kama s, sh, f na h vina pumzi ndani: shwari, ufukwe, povu likifutika. Vipasuo kama k, t na p hugonga: kata, piga, pasuka. Nazali iliyobebana na konsonanti nyingine, yaani mb, nd, ng, ina uzito wa chini kama mgongano wa mbao na maji: mwamba, gonga, ngurumo. Hizi si kanuni za kukariri. Neno povu lina kipasuo na bado ni laini. Lakini ubeti ukijaa sauti za aina moja, sikio hupata hisia kabla akili haijapata maana. Halafu kuna tanakali, maneno yanayoiga sauti, ambazo ningekuomba uziweke akiba. Chubwi moja katika shairi zima inatosha, ukiweka tatu utasikika kama mtu anayechezesha watoto.

Utenzi: wimbi fupi linalofuatwa na jingine

Utenzi una vipande vifupi vya mizani nane, vinne katika ubeti. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina chake, nacho hurudi mwisho wa kila ubeti mpaka utenzi uishe. Ndiyo bahari ya masimulizi marefu, ya vita na visa vya mitume. Mwana Kupona naye aliitumia mwaka 1858 kumpa bintiye wasia, kwa hiyo si ya vita peke yake. Ila asili yake ni mwendo: hakuna pa kukaa, kipande kinaisha ukiwa bado una pumzi, unalazimika kuendelea.

Mpe utenzi dhoruba, utaona anavyoipenda:

Kusi likavuma, kusi,
tanga likavutwa kasi,
foromali ikaasi,
demani ikakatika.

Foromali ni mti unaobeba tanga, demani ni kamba yake. Angalia kinachotendeka hapa. Vina vya si vinapuliza: kusi, kasi, ikaasi. Ukisoma kwa sauti utajikuta unatoa upepo mdomoni bila kukusudia. Kisha kipande cha nne kinaacha kupuliza, kinagonga: i-ka-ka-ti-ka. Ka mbili zimefuatana, ya tatu ikamalizia. Kamba ya demani haielezwi kwamba imekatika, inasikika ikikatika. Na ile -ka- ya masimulizi, ambayo kwenye shwari yangu ilikuwa adui, hapa ndiyo injini: likavuma, likavutwa, ikaasi. Jambo juu ya jambo, hakuna nafasi ya kufikiri, kama ilivyo chombo kinapozidiwa na kusi.

Udhaifu wake? Utenzi hauwezi kungoja. Mtu akisimama ufukweni kwa huzuni ndani ya utenzi, huzuni yake itafika kituoni kabla yake. Pia kina cha nne kinachojirudia, ukichagua chepesi kama a ya vitenzi (nikalia, nikakaa, nikajua), baada ya beti ishirini kitakuwa kama mlango unaogongwa na upepo. Chagua konsonanti yenye kazi. Ka ilinifaa kwenye dhoruba. Kwa safari ya furaha ningetafuta ni au li.

Tarbia: maji kujaa, maji kupwa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu naamini tarbia ndiyo bahari iliyozaliwa pwani kwelikweli, na ndiyo inayotumiwa ovyo kuliko zote.

Ubeti wake una mishororo minne. Kila mshororo una mizani kumi na sita, umegawanyika katikati: ukwapi nane, utao nane. Watu husema mgawo huo ni kwa ajili ya vina vya kati na vya mwisho. Sawa. Lakini kaa ufukweni ukisoma mshororo wa tarbia, utagundua kwamba ukwapi ni maji yanayokuja na utao ni maji yanayorudi, au kinyume chake. Pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na watu wake wamepanga kuvua, kusafiri na hata kuchota mchanga kwa mgawo huo. Sioni ajabu mashairi yao nayo yakawa na pande mbili.

Maji yanajaa pwani, maji yanarudi nyuma,
Nami niko ufukweni, tangu jana nasimama,
Tanga sioni machoni, ni upepo wanguruma,
Bahari, nirudishie niliyekupa salama.

Ni mke, au mama, anamngoja mtu. Hakuna tendo hata moja linalosogeza kisa mbele. Maji yanakwenda na kurudi, yeye amesimama. Mdundo wa nane kwa nane unafanya yale yale anayoyatazama, na ndiyo maana ubeti unaweza kubeba kungoja bila kuchosha.

Sasa tazama vina. Cha kati ni ni, chembamba, kinaelekeza mahali: pwani, ufukweni, machoni. Cha mwisho ni ma. Ili useme ma ni lazima ufumbe midomo kwanza: nyuma, nasimama, wanguruma, salama. Ni sauti ya mtu anayeguna bila kufungua kinywa. Sikuipanga, nakiri. Ilikuja na neno nyuma, nikaifuata. Lakini baadaye nilijaribu kubadilisha kina cha mwisho kiwe ga, nione:

Maji yanajaa pwani, yarudi tena kupiga...

Mizani ni ileile, habari karibu ni ileile, ila yule mwanamke hangoji tena. Anagombana. Ga imefungua kinywa na kukaza koo, na kwa silabi hiyo moja shairi limetoka kwenye subira likaingia kwenye hasira. Kama shairi lako ni la wavuvi wanaoilaumu bahari, ga itakufaa kuliko ma. Usichague kina kwa wingi wa maneno yake katika kamusi. Chagua kwa namna kinywa kinavyokaa ukikitamka.

Kibwagizo nacho kina kazi yake. Kikirudi kila ubeti kwa maneno yaleyale, ni maji yaleyale yanayorudi, lakini kila mara yanakuta jambo jipya mchangani. Katika ubeti wa kwanza nirudishie ni ombi. Ubeti wa tano, baada ya kuonyesha kasia lililookotwa, neno lilelile ni kilio, kama bamvua, yale maji makuu, inavyopanda mpaka mahali ambapo maji mafu, yale madogo, hayakufika. Huhitaji kubadilisha herufi.

Ndani ya umbo hilo kuna mtiririko, ambapo vina vya kati na vya mwisho havibadiliki shairi zima. Unafaa kaskazi iliyotulia, safari ya siku nyingi kwa upepo mmoja. Binafsi beti nane zinanitosha, zaidi ya hapo nasinzia. Ukara, wenye kina kimoja kinachobadilika na kimoja kisichobadilika, unanipendeza zaidi kwa bahari, maana mwamba unakaa na maji yanabadilika.

Kasoro ya tarbia ni kujaza. Mizani ikipungua, mtunzi anaingiza jama, kwa hakika, nawambia, na ghafla mtu anayengoja maiti ya mumewe anahutubia mkutano. Inkisari na mazida, yaani kufupisha neno na kulirefusha, ni ruhusa tuliyoachiwa na wakubwa, itumie. Amri Abedi alizipanga sheria za vina na mizani kwenye kitabu chake cha mwaka 1954, na tangu hapo wengi wamejifunza kuhesabu. Kujifunza kunyamaza ni somo jingine. Kipande kikikupungukia mizani mbili, mara nyingi si maneno yaliyopungua, ni picha.

Msuko: wimbi lisilorudi

Msuko ni shairi ambalo mshororo wake wa mwisho ni mfupi kuliko ile iliyotangulia. Wengine huupita haraka kama pambo. Kwa habari ya bahari mimi nauweka juu ya zote nne, lakini kwa jambo moja tu. Chukua ubeti uleule wa juu, ukate mwisho:

Maji yanajaa pwani, maji yanarudi nyuma,
Nami niko ufukweni, tangu jana nasimama,
Tanga sioni machoni, ni upepo wanguruma,
Bahari, nirudishie.

Mara tatu sikio limepewa maji ya kuja na maji ya kurudi. Mara ya nne yamekwenda, hayajarudi. Zile mizani nane zilizokosekana hazikufutika. Msikilizaji anazisubiri, anazihesabu moyoni, na hazifiki. Yaliyomo katika ukimya huo ni yule mtu mwenyewe. Hakuna neno ambalo lingeweza kumzamisha vizuri zaidi.

Kwa hiyo tofauti yake na tarbia, kwa anayechagua, ni hii: anayengoja na bado ana tumaini, mpe tarbia. Aliyepoteza, mpe msuko. Na kama shairi linaanza na tumaini na kuishia kwenye msiba, andika beti zote tarbia, ubeti wa mwisho peke yake uwe na kituo, yaani mshororo wa mwisho, kilichokatwa. Mashabiki wa kanuni watakukemea kwa kuchanganya bahari. Vumilia. Ila usikate kila ubeti ikiwa habari yenyewe ni ya harusi ya baharini, watu watadhani mpiga chapa amekosea.

Wazee walijua thamani ya kipande kisicholingana. Mtunzi wa Al-Inkishafi, shairi la karibu miaka mia mbili iliyopita, anapoufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka husema "Suu ulimwengu bahari tesi." Hesabu: sita, kisha tano. Upande mmoja mzito kuliko mwingine. Chombo kimeinama kidogo, na hakinyooki mpaka ubeti uishe.

Kimai na nyimbo za kazi

Nitapita haraka. Kimai, wimbo wa mabaharia na wavuvi, si wa kusomwa kimya. Mmoja anatoa, wengi wanaitikia, na nguvu za mikono zinaingia kwenye itikio. Kama shairi lako litaimbwa na kikundi, au ni la jukwaani, lianze hapo: itikio fupi lenye irabu ndefu ya kuvutia kamba, kama ee ya harambee. Kama litakaa kwenye karatasi, litakufa. Nimejaribu mara mbili.

Guni: maji yasiyo na saa

Guni, yaani shairi huru lisilofuata vina na mizani, lilileta kelele nyingi miaka ya 1970. Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi, ilipotoka mwaka 1974, waliolelewa kwenye vina waliuliza kama hayo ni mashairi. Siingii kwenye ugomvi huo. Ila nakumbusha kwamba Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwani ndani ya Ziwa Victoria, na ziwa halijai wala halipwi kama bahari. Sisemi hilo ndilo lililomfanya aache vina, hiyo ingekuwa kuropoka. Nasema tu kwamba msomaji wa Mwanza, Bujumbura au Kalemie anayetunga juu ya ziwa lake asidhani amefungwa kwenye nane kwa nane ya watu wa Mombasa. Maji yake yana mdundo mwingine, na dhoruba yake huja bila taarifa.

Guni halina wimbi la kurithi. Kila mshororo unauamulia mwenyewe urefu, kwa hiyo kila urefu una maana, hata kama hukutaka. Hapo ndipo wengi huzama: wanadhani kuondoa mizani ni kuondoa kazi, wakaandika aya ya kawaida na kuikatakata kama mkate.

Ili uone tofauti kwa karibu, chukua habari moja: mashua imevunjika. Utenzi utasema:

Mashua ikavunjika

na papo hapo utataka kujua nani amenusurika, maana -ka- imekwisha kukusukuma. Tarbia itasema:

Mashua imevunjika, mbao zaelea pwani

nane kwa tendo, nane kwa mabaki. Unapata muda wa kutazama. Guni litasema:

Asubuhi
ubao mmoja,
na nusu ya jina la mashua.

Kuvunjika hakutajwi kabisa. Neno la pekee kwenye mshororo wa kwanza linakusimamisha, kisha unaona kitu kimoja, kisha jina lililokatika. Hakuna kati ya hizi tatu iliyo bora. Ya kwanza inamfaa anayesimulia safari, ya pili anayelia pamoja na wengine, ya tatu aliyeamka peke yake akateremka ufukweni. Jiulize nani anasema katika shairi lako na yuko wapi: ndani ya chombo, juu ya mchanga, au miaka thelathini baadaye akiwa mjini. Aliye ndani ya chombo hana pumzi ya mizani kumi na sita.

Jaribio langu la kuamua ni la kizamani. Nasoma rasimu kwa sauti nikitembea. Nikijikuta natembea haraka wakati shairi linasema tulia, nimekosea bahari, na hapo sirekebishi maneno, naanza upya kwa umbo jingine. Kurekebisha maneno ndani ya bahari isiyofaa ni kushona tanga wakati chombo kimekaa juu ya mwamba.

Ndivyo nilivyofanya na ile shwari. Zile beti kumi na mbili nilizitupa, nikabaki na hizi:

Shwari.
Tanga limelala kama shuka juu ya mgonjwa.
Upepo
hakuna.
Nahodha anatema mate majini
aone kama tunakwenda.
Hatuendi.

Lile la mate nililipata kwa mjomba mwenyewe, siku ileile aliyonikosoa: mate yakibaki ubavuni, chombo kimesimama. Nikarudi kwake na karatasi mpya. Nikasoma taratibu, nikaacha pumzi kila mshororo ulipokatika, nikafika mwisho, nikanyamaza. Akanitazama.

"Ehe," akasema, "kisha?"

"Hakuna kisha, mjomba. Hatuendi."

Akachukua kikombe chake, akanywa.